Vidoko na Asili ya Usemi

Msimu wa maonyesho ya Nane Nane huwakusanya hapa Nzuguni, mashariki ya mji wa Dodoma, watu wa Dodoma na Singida. Atakayetega sikio atasikia Kigogo na Kirangi, ambazo ni lugha za Kibantu. Kiburunge, ambacho ni cha jamii ya Kikushi. Na akibahatika, Kisandawe, ambacho hakina ndugu wa karibu katika nchi hii. Katika maneno mengi ya Kisandawe ulimi huvuta na kuachia kwa ghafula, ukatoa kidoko. Mgeni hushangaa, kisha huuliza: je, hii ndiyo lugha ya watu wa kwanza?

Swali hilo limeulizwa hata na wataalamu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilinganisha nasaba za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao nao husema kwa vidoko, na za kundi moja la Wasan wa kusini mwa Afrika. Waliona ya kwamba watu hao walitengana zamani mno, wakapendekeza kuwa huenda vidoko vimedumu kwa makumi ya maelfu ya miaka. Pendekezo lenyewe lilikuwa na tahadhari. Walioeneza habari zake hawakuwa nayo: “huenda” ikageuka “ndivyo”, na Mhadzabe akafanywa sanduku la kutunzia sauti za kale.

Twaona hoja hiyo ina ufa. Kizulu na Kixhosa ni lugha za Kibantu, na vidoko vyake vilitoka kwa majirani waliokutwa huko kusini. Kidahalo cha pwani ya Kenya ni Kikushi, nacho kina vidoko katika maneno machache. Sauti iwezayo kuazimwa namna hiyo haiwi hati ya kuzaliwa kwa usemi. Tena Kihadzabe na Kisandawe zenyewe hazijathibitishwa kuwa ndugu. Joseph Greenberg aliziweka katika jamii moja, na wanaisimu wengi wa leo hawakubaliani naye. (Mswahili anaposonya hutoa sauti iliyo karibu na kidoko, wala hatujasikia aliyemwita mtu wa kwanza.)

Ugumu wa jambo hili ni kwamba ulimi hauachi alama. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey kuanzia mwaka 1978, zina umri wa zaidi ya miaka milioni 3.5, zatuambia walitembea kwa miguu miwili, lakini kama walisemezana hazituambii. Maandishi yana miaka kama 5,000 tu. Kulinganisha maneno ya lugha na lugha huishiwa nguvu yapata miaka 10,000 nyuma, pengine kabla ya hapo. Mwaka 1866 Chama cha Isimu cha Paris kilikataa katakata kupokea makala juu ya asili ya lugha. Ulikuwa ukali uliopita kiasi, ila twaelewa kilichowachosha.

Lakini kinachotusumbua zaidi ni neno “kwanza” linapoingia darasani, kwa kuwa masikio ya watoto hulisikia kama “duni”. Kisandawe kina toni, kina jinsia ya kiume na ya kike katika nomino, jambo ambalo Kiswahili na Kigogo havina, na konsonanti zake ni nyingi kuliko zetu. Kimebadilika kizazi kwa kizazi kama lugha nyingine zote. Umri wake ni ule ule wa Kiswahili, kwani wasemaji wa kila lugha walizaliwa na wasemaji.

Wahadzabe hawazidi sana elfu moja. Wasandawe ni makumi ya maelfu, wengi wao katika Wilaya ya Chemba. Mwalimu wa huko akitaka kufundisha sauti za lugha, anao wanafunzi wawezao kumtamkia konsonanti ambazo yeye hawezi, na kumsahihisha mle mle darasani.