Tazama Ncha Kwanza

Fundi chuma anayeijua kazi yake haanzi na bei. Huomba biti ya drili, akaishika kwa vidole viwili, akaielekeza kwenye mwanga na kuikazia macho nchani mpaka muuzaji akaishiwa subira. Maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, yameizoea tabia hiyo, na ya Kamukunji, Nairobi, vilevile. "Mzee wangu, hiyo orijino, tazama inavyong'aa," kijana wa dukani husema. "Naona, mwanangu," mzee hujibu, na macho hayabanduki kwenye ncha.

Ana haki ya kutazama hapo. Biti ni ndefu, lakini inayokata ni milimita chache za mwisho. Hapo pana makali pande mbili, kila upande ukianzia ukingoni kuelekea katikati, na kati yake kuna mstari mfupi uliolala mshazari. Makali hunyoa chuma. Mstari ule wa katikati haunyoi kitu. Husukuma na kusaga tu, ndiyo maana sehemu kubwa ya uzito anaouegemeza fundi juu ya drili huishia pale. Mzee anapima kwa jicho kama makali ya pande zote mbili yanalingana kwa urefu na kwa mlalo. Upande mmoja ukizidi, biti huzunguka ikiyumba, tundu hutoka pana kuliko kipimo kilichogongwa kwenye shina, na bolti ikicheza humo hakuna anayekumbuka kuilaumu biti. Kisha anaigeuza aitazame kwa ubavu. Nyuma ya makali panatakiwa pateremke kidogo, digrii 8 hadi 12 hivi, ili makali yatangulie kugusa chuma na kisigino chake kibaki nyuma. Pasipo mteremko huo biti husugua badala ya kukata: inapiga kelele, inatoa moshi, na mwenye nayo anasema chuma hiki kigumu. Mteremko ukizidi, makali huwa membamba na kumeguka.

Pembe ya ncha nayo ina habari yake. Biti za kawaida huchongwa kwa digrii 118, na hizo zinatosha kwa engo, flati bari na mabomba ya mageti. Zile za digrii 135 zina ncha iliyolala zaidi, na nyingi huchongwa mara ya pili pale katikati hadi ule mstari mvivu karibu utoweke. Hizo hushika mara zinapogusa, hazitelezi juu ya bamba, wala hazimchoshi mtu. Kwa anayetoboa kwa drili ya mkono, isiyo na nguzo ya kuisimamisha wima, mimi naona hizo ndizo za kununua hata zikizidi bei.

Umbo hili tulilolizoea halina umri mkubwa. Kwa karne nyingi kitobozi kilikuwa kipande bapa chenye ncha, mfano wa kile cha keekee ya uta wanayoitumia mafundi wa majahazi wa Pwani, wanaotoboa ubao kabla ya kupigilia msumari ili usipasuke. Kwenye ubao kipande hicho kinafanya kazi safi. Kwenye chuma kinapata taabu, kwa sababu hakina njia ya kutolea taka; tundu likizama kidogo tu, taka hujazana na kukaba. Mwaka 1863 Stephen A. Morse, fundi wa Massachusetts nchini Marekani, alipata hataza ya biti yenye mifereji miwili inayojisokota kutoka nchani kwenda shinani. Mfereji uleule unaoyapa makali umbo lake ndio unaopandisha taka nje, na ndio unaoyaachia mafuta njia ya kuteremka ndani. Kazi tatu kwa mchongo mmoja. Miaka zaidi ya 160 imepita, na biti utakayoinunua leo bado ni mtoto halali wa ile ya Morse.

Lakini umbo peke yake halikutosha. Biti za wakati ule zilikuwa za chuma cha pua chenye kaboni, ambacho ni kigumu sana kikiwa baridi, ila kikishapata joto la digrii 250 hivi za Selsiasi ugumu wake huanza kupotea. Mwishoni mwa miaka ya 1890, katika kiwanda cha Bethlehem Steel huko Pennsylvania, Frederick Winslow Taylor na Maunsel White walichukua chuma kilichochanganywa tangsteni na kromi, wakakipasha moto karibu na kiwango cha kuyeyuka, kupita kiasi ambacho mafundi wote wa siku zile walikiona ni kukiharibu. Vikatio vyao viliendelea kukata hata ncha zikiwa nyekundu. Kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 watu walijionea wenyewe. Herufi HSS (high-speed steel, yaani chuma cha kasi) zilizogongwa kwenye shina la biti zinatokana na ugunduzi huo. Mchanganyiko unaotumika sana leo, uitwao M2, una takriban asilimia 6 za tangsteni, 5 za molibdeni, 4 za kromi na 2 za vanadi, na unahifadhi ugumu wake hadi kwenye digrii 600 hivi.

Ukiongeza kobalti asilimia 5 unapata M35. M42 nayo ina kobalti asilimia 8. Hizo ndizo biti za chuma kigumu na za stenlesi. Na hapa pana jambo linalotugusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ni lugha ya mgodini na ya sokoni. Rwanda nayo inachimba tangsteni, kule Nyakabingo. Ubora tunaousaka kwa tochi dukani una asili yake katika udongo wa jirani zetu.

Sasa rangi, ambayo ndiyo inayowapoteza wengi. Rangi ya dhahabu ni utando wa nitridi ya titani, mwembamba kiasi cha sehemu chache za elfu moja za milimita. Ukiwa wa kweli, na ukiwa juu ya HSS ya kweli, unapunguza msuguano na kuirefushia biti maisha. Ila rangi inaweza kupakwa juu ya chochote, na watengenezaji wa bidhaa hafifu wanajua jicho la mnunuzi linapenda dhahabu. Tena biti ikishanolewa mara moja tu, utando wa nchani umekwenda. Biti nyeusi au ya kijivu iliyosagwa kwa makini inaishinda ya dhahabu ya mchanganyiko usiojulikana, na hilo nalisema bila kusita.

Kuna vipimo viwili ambavyo havimgharimu fundi kitu. Cha kwanza ni kioo cha kaunta. Laza biti juu yake uiviringishe kwa kidole. Iliyonyooka inakwenda kimya, iliyopinda inapitisha mwanga chini yake na kugongagonga. Cha pili ni cheche. Chuma cha kaboni kikiguswa kwenye jiwe la kunolea hutoa cheche nyeupe na za manjano zinazopasuka mithili ya fataki. HSS hutoa cheche chache, za wekundu wa machungwa uliofifia, zisizo na matawi. Gusa nchani, usiguse shina, kwa sababu biti kubwa nzuri huungwa shina la chuma cha kawaida na wala huo si udanganyifu. Muuzaji hatakuruhusu kufanya hivyo kabla hujalipa, kwa hiyo mzee hununua moja, huenda nayo karakana, kisha hurudi kuchukua nyingine tano, au harudi kabisa.

Biti nzuri inaweza kuuawa kwa dakika moja na mkono usiojua mwendo. Kwa chuma laini cha kawaida na biti ya HSS, gawanya 8,000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita, nawe utapata mizunguko ya kutosha kwa dakika: milimita 10 ni mizunguko 800, milimita 5 ni 1,600. Kwa stenlesi punguza hadi nusu au chini yake. Stenlesi ina tabia ya kujikaza. Ikisuguliwa pasipo kukatwa, uso wake unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa, na biti inayofuata inakuta ukuta. Dawa yake ni mwendo wa taratibu, mgandamizo mzito usiolegea, na mafuta tele. Ukishaanza usisitesite. Alumini inapenda mafuta ya taa. Chuma cha kusubu hutobolewa kikavu, na taka zake ni ungaunga. Shaba ya njano ni ya hatari kwa namna yake, maana biti hujivuta ndani ghafla na kukinyakua kipande mkononi. Mafundi huusawazisha kidogo ukingo wa makali kwa jiwe dogo ili yakwangue badala ya kuchimba. Na kipande chochote, cha chuma chochote, kibanwe kwenye jiliwa.

Biti ikikata vizuri, maranda ya chuma hutoka mifereji yote miwili, nyuzi mbili zilizosokotwa zenye unene mmoja. Ukiona uzi mmoja tu, upande wa pili haufanyi kazi. Rangi ya fedha ni salama, manjano hafifu inavumilika. Ya bluu inakuambia joto limezidi, punguza mwendo.

Heshima yangu kubwa naiweka kwa wanaonoa kwa mkono. Mtazame fundi mzuri mbele ya jiwe. Mkono mmoja umetulizwa kwenye egemeo karibu na ncha, mwingine umeshika shina. Makali yamelala sawasawa na ekseli ya jiwe, biti yenyewe imekaa mshazari digrii 59, nusu ya zile 118. Anagusa, halafu shina linashuka taratibu huku ncha ikipanda kwenye jiwe hatua moja ndogo, na mteremko wa nyuma unazaliwa kwa mwendo huohuo. Anageuza upande wa pili, mara idadi ileile, kwa uzito uleule. Hana kipimo cha pembe mfukoni. Anainua kwenye mwanga, anaona upande mmoja umezidi kwa unene wa karatasi, anarudi kugusa mara moja tu. Biti ikianza kuwa moto sana anaiacha ipoe kwa hewa. HSS iliyoiva ikitumbukizwa kwenye maji baridi hupata nyufa zisizoonekana, na nyufa hizo ndizo zinazomegua makali kesho yake. Mtu huyu akimaliza, biti iliyotupwa inarudi kutoboa vizuri, na mara nyingine vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani.

Kwa hiyo ukienda dukani, liache boksi la biti mia moja linalong'aa. Chukua chache za HSS iliyosagwa, milimita 3, 5, 6.8, 8.5 na 10. Ya 3 ni ya kutangulizia matundu makubwa. Ya 5 ni tundu la kukatia nyuzi za bolti ya M6, ya 6.8 ni ya M8, na ya 8.5 ni ya M10. Kama unafanya kazi za stenlesi, ongeza ya kobalti katika kipimo unachokitumia zaidi. Kisha mtafute mzee anayejua kunoa, umlipe anachostahili bila kuvutana naye bei, na kama una kijana anayejifunza ufundi, mwombe mzee huyo amsimamishe kando ya jiwe lake.