Pombe 72, bangi 20: jedwali la Nutt linasema nini kweli?

Kila mara mjadala wa bangi unapoanza kati yetu, haipiti dakika tano mtu ameshaleta ile picha ya mistari: pombe juu kabisa na alama 72, eroini 55, kraki 54, tumbaku 26, bangi kule chini na 20. Kisha anasema siyansi imemaliza, tuifungue bangi. Mimi naona haijamaliza.

Picha ile inatoka mu makala ya David Nutt, Leslie King na Lawrence Phillips, iliyotoka mu The Lancet mwaka 2010. Nutt alikuwa mwenyekiti wa baraza linaloshauri serikali ya Uingereza juu ya madawa ya kulevya. Baraza lilisema bangi ibaki daraja C. Serikali ikakataa, na Januari 2009 ikairudisha daraja B. Nutt akaendelea kusema waziwazi kama sheria haifuati ushahidi, na Oktoba ya mwaka ule ule waziri Alan Johnson akamfukuza.

Pale, Nutt alikuwa na haki. Daraja la sheria si kipimo cha hatari, ni uamuzi wa wanasiasa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 uliweka bangi pamoja na eroini mu orodha ya IV, ile ya kali kabisa. Ilitolewa humo tarehe 2 Desemba 2020, kule Vienna, kwa kura 27 dhidi ya 25: Afrika Kusini na Maroko walisema ndiyo, Kenya na Nigeria walisema hapana. Kura mbili tu! Mmea wenyewe haukubadilika usiku ule, na bado uko mu orodha ya I. (Na tusifikiri kupanga hivi ni kazi ya Wazungu peke yao. Kule Kasai, miaka ya 1880, wasafiri Wajerumani waliwakuta watu wa chifu Kalamba Mukenge wanavuta bangi pamoja kama alama ya umoja, na kilichokatazwa kilikuwa pombe ya mitende.)

Lakini ile 72 ilipatikana namna gani? Wataalamu walikaa pamoja, wakapima vitu 20 kwa vigezo 16: 9 vya madhara kwa mtumiaji mwenyewe, 7 vya madhara kwa wengine. Katika 72 za pombe, 46 ni madhara kwa wengine: ajali, kupigana, nyumba kuvunjika, gharama za leta. Juu ya nini ni nyingi hivyo? Juu pombe iko kila mahali, na ina makampuni yenye pesa ya kuitangaza. Jedwali linapima nchi moja, ambamo pombe inaruhusiwa na bangi inakatazwa. Sasa wewe unachukua alama 20 ya bangi iliyokatazwa, unasema itabaki 20 siku itauzwa dukani! Ni kama kuhesabu ajali mu kijiji chenye pikipiki tatu, halafu unatangaza pikipiki haina shida.

Inakata pande zote mbili, tuseme ukweli. Sehemu ya zile 55 za eroini inatokana na marufuku yenyewe: sindano chafu, unga uliochanganywa na mtu asiyejulikana.

Tuangalie basi penye bangi ilifunguliwa. Colorado walipiga kura 2012, maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Batu wanaokamatwa kwa ajili ya bangi walipungua sana, na hiyo si kitu kidogo: kijana mwenye dosiye ya polisi anapoteza kazi kabla ya kuianza. Ila kilichouzwa hakikubaki majani ya zamani. Zikaja bangi zilizokamuliwa zenye THC kupita 60%, zikaja biskuti na bonbon, na watoto wadogo wakazila wakapelekwa hospitali. Kanada, iliyofungua Oktoba 2018, iliona shida ile ile ya watoto. Ila Quebec ilikataa bonbon tangu mwanzo, na kuuza ni kazi ya duka za serikali ya jimbo. Uruguay, yenye sheria tangu 2013, iliipa farmasi kazi hiyo chini ya macho ya serikali. Neno «kuruhusu» ni moja, lakini humo mnaingia sheria zisizofanana hata kidogo: nani anauza, nini, kwa nani. Jedwali la Nutt haligusi maswali hayo.

Wala haligusi kwetu. Mu 2021 Kinshasa iliamka na bombé: unga unaotolewa ndani ya egzosi ya gari, unachanganywa na vidonge, vijana wanasimama barabarani kama sanamu, wamelala macho wazi. Rais Tshisekedi mwenyewe alilisemea, polisi ikakamata batu. Unga ule wa egzosi hauko mu orodha yoyote ya Vienna, na hauko mu jedwali la 2010. Lutuku yetu pia, kwa Nutt, haina mstari wake. Anayetaka kutuletea alama za bangi ya Lubumbashi ama Goma, aanze na vitu tunavyokunywa na kuvuta hapa, na bei yavyo.