Risasi ‘ilifyatuka’ au ilifyatuliwa?

Majuzi nilikuwa Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, nimeketi na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu. Redio ikatangaza kwamba kwingineko vurugu zilizuka, risasi ikafyatuka na kijana mmoja akafariki. Mzee mmoja akaweka uzi chini. “Yafyatukaje yenyewe, Profesa? Kwani bunduki siku hizi ni mtego?”

Ubishi ukazuka. Kijana mmoja akasema askari akirushiwa mawe naye ni binadamu, ataogopa. Mwenzake akamkatiza: “Wacha hizo! Wa kuulizwa ni mkubwa aliyempa amri.” Walitofautiana, lakini kila mmoja alikuwa akimtaja mtu. Redio haikumtaja yeyote.

Mzee yule hakusomea isimu, ila aligusa penyewe. Kauli ya kutendwa humficha mtenda, lakini humwachia mlango: “risasi ilifyatuliwa”, na msomaji atauliza, na nani? Kauli ya kutendeka huufunga mlango huo. Huwezi kusema “risasi ilifyatuka na askari”, sarufi inakataa. Mtego hufyatuka, maana aliyeutega kaenda zake. Bunduki ina kidole. Ndiposa nasema kitenzi hiki, katika habari za mauaji, si kosa dogo la mtindo. Kinatoa hukumu kabla ya uchunguzi: kwamba hakuna aliyetenda.

Wahariri huniambia wanaogopa sheria, kwamba kumtaja polisi ni kumhukumu. Hofu hiyo naielewa, lakini sikubaliani nayo. “Afisa alifyatua risasi” hutaja tendo, haitaji kosa. Kama alijihami, kama alikusudia, kama aliamrishwa, hayo ni ya mahakama. Mbona “mwizi aliyepigwa risasi” tunamwandika bila woga, hali hajafikishwa kwa hakimu?

Tuchukue kisa cha Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14 aliyeuawa kwao Kinango, Kwale, Agosti 2014. Polisi walidai aliwashambulia kwa panga. Mamlaka ya IPOA ilichunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawapata maafisa wawili na hatia ya kuua bila kukusudia, kifungo cha miaka 7 kila mmoja. Angalia ubishi wote ulivyokuwa: nani alifyatua, kwa nini, na je, nguvu ile ilihitajika? Lau mahakama ingeridhika kwamba risasi “ilimpata”, kesi ingeanzia wapi? Hata Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 humtaka afisa aliyetumia bunduki aeleze kwa mkubwa wake alichofanya. Sheria inataka mtenda. Habari zetu zinamfuta.

(“Risasi iliyopotea” nayo sitaki hata kuianza. Kilichopotea hutafutwa.)

Nilimweleza mzee haya, akacheka. “Sisi ngalawa ikipinduka, twasema imepinduka. Lakini tukifika pwani, wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika usukani.”

Taarifa ya saa kumi ilipofika, aliongeza sauti ya redio. Risasi ikafyatuka tena.