Nusu ya Chuma, Nusu ya Mkono

Kitumbua hugeuzwa mara moja. Mama yangu, aliyeuza vitumbua Ngamiani, Tanga, tangu sijazaliwa, hakutaka kusikia habari ya mara ya pili. Unangoja ukingo ukauke na katikati pabaki umajimaji kidogo, unaingiza kijiti pembeni, unakibinua, basi. Kilichobaki ni kazi ya moto na mafuta. Nimekua nikiamini kwamba ustadi wote uko katika kuijua dakika hiyo moja. Osaka nimeona watu wanaoigawa dakika hiyo vipande vipande, na kila kipande wakakipa kazi yake.

Nazungumzia takoyaki, tonge la mviringo la unga wa ngano lenye kipande cha pweza ndani, linalopikwa kwenye chuma cha vishimo. Nikisema chuma cha vishimo, msomaji wa pwani ameshakiona. Ni kilekile cha vitumbua, ila vishimo vyake ni vidogo na ni vingi, vimepangwa mistari kwa mistari.

Mume wangu na mimi tulifika Japani usiku, tukatua Kansai, uwanja uliofunguliwa mwaka 1994 juu ya kisiwa kilichojengwa na binadamu katikati ya bahari. Treni ikatuvusha darajani hadi mtaa wa Namba, tukalala. Kwa hiyo siku yetu ya kwanza Osaka ilianza asubuhi, na mwenzangu aliamka na orodha: ngome ya Osaka, hekalu la Shitennoji lililoasisiwa mwaka 593, mnara wa Tsutenkaku. Ni orodha nzuri. Lakini kwa maoni yangu siku ya kwanza katika mji mgeni haifai kupewa majengo. Jengo litakungoja. Siku ya kwanza jicho halijazoea kitu, linaona hata yale ambayo wenyeji wameacha kuyaona. Heri lipewe mtu anayefanya kazi.

Tukaanzia Doguyasuji, barabara iliyoezekwa paa, dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha Namba. Maduka yake yanauza vifaa vya jikoni na vya mikahawa: visu, masufuria, mabakuli, taa za karatasi za kutundika mlangoni, hata vyakula vya plastiki vya kuonyeshea wateja dirishani. Vyuma vya takoyaki vimepangwa kwa ukubwa, vya shaba upande huu, vya chuma cha kusubu upande ule. Mume wangu alinyanyua kimoja cha chuma, akakirudisha taratibu kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito kuliko begi lake. Shaba hushika moto upesi na kuusambaza sawasawa, ndiyo maana wapishi wengi wa kibiashara Osaka wanaipenda. Chuma cha kusubu huchelewa kupata moto, lakini kikishaupata hakiuachi. Mama angechagua chuma. Anapikia mkaa, na mkaa hauna swichi ya kupunguzia.

Kutoka pale tukaenda kutafuta takoyaki zenyewe. Kibanda tulichosimama mbele yake kilikuwa kidogo, dirisha moja na mpishi mmoja, mwanamume wa makamo mwenye taulo kichwani. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza chuma kipya, nami nikamwambia mume wangu, "Baba watoto, hapa hatuondoki mpaka amalize."

Alianza na mafuta, na hakuwa na haraka nayo. Brashi iliingia kishimo kimoja kimoja, ikazunguka, ikapanda ukingoni, ikapita hata kwenye bapa lililo kati ya kishimo na kishimo. Kisha akamimina rojo. Hapo nikasogea karibu, kwa sababu hakujaza vishimo tu, alifurika chuma kizima hadi mashimo yote yakapotea chini ya unga. Kwetu anayefurika hivyo huambiwa anaharibu mali. Akadondosha vipande vya pweza, kimoja kimoja, kila palipokuwa na kishimo, ingawa vishimo havikuonekana tena. Mkono ulipajua mahali pake. Akanyunyiza majani ya kitunguu, tangawizi nyekundu ya achari na chembe za unga uliokaangwa ukakauka. Halafu akangoja, mikono imetulia.

Kifaa chake ni chuma chembamba chenye ncha, na mpini wa mbao. Rojo lilipoanza kushikamana, alilichora kwa ncha ile, mistari ya kwenda na ya kukatiza, likagawanyika miraba, kila tonge na mraba wake. Akaingiza ncha pembeni mwa kishimo cha kwanza, tonge likageuka robo. Robo tu. Upande uliokwisha kuiva ukasimama wima, rojo bichi la ndani likateremka na kujaza nafasi iliyoachwa wazi chini, na pembe za ule mraba zikasukumwa ziingie humohumo. Akaliacha hivyo, akaenda la pili, la tatu, mpaka mwisho wa mstari. Aliporudi mwanzo, robo ya kwanza ilikuwa imeshika rangi. Akageuza tena, na tonge likajifunga. Kuanzia hapo kazi ikawa ni kuyazungusha. Ncha iliruka kutoka tonge hadi tonge, na kila lilipoguswa lilizunguka papo hapo. Mengine aliyahamisha: lililokuwa katikati, penye moto mwingi, lilipelekwa pembeni, na la pembeni likaletwa katikati.

Ndipo nilipoelewa kwa nini alifurika. Kishimo ni nusu ya mviringo, na chuma hakiwezi kukupa zaidi ya hiyo nusu. Kitumbua kinaridhika na hali hiyo: hamira inakiumua, kinapanda, ukikibinua kinatulia na ubapa wake kidogo, na hakuna mlaji anayelalamika. Takoyaki inataka kuwa mviringo kamili, na nusu ya pili haina kalibu. Inatengenezwa na ule unga uliofurika, pamoja na mkono unaojua kuukunja ndani kabla haujakauka na baada ya kuacha kuwa maji. Ukiwahi, linachanika. Ukichelewa, pembe zinakuwa ngumu, haziungani tena na mwili. Na mpishi hana dakika moja ya kuijua, anazo nyingi, kwa sababu kila tonge katika chuma kile liko kwenye hatua yake: la mwanzo wa mstari limetangulia, la mwisho liko nyuma, la katikati linaiva upesi kuliko yote.

Nadhani aliona kwamba sitazami chakula. Wateja wengine walitazama tonge. Mimi nilitazama kifundo cha mkono. Bila kusema neno, alipofika mstari uliofuata alipunguza mwendo. Aligeuza robo ya kwanza polepole, akaniangalia, akageuza ya pili polepole vilevile, kisha akarudi kwenye kasi yake. Nilimwinamia kichwa. Hatukuwa na lugha ya pamoja hata kidogo, na nimewahi kukaa darasani mwaka mzima nikapata pungufu ya hapo.

Kazi hii si ya kale sana. Osaka walikuwa na matonge ya namna hii yenye kano za ng'ombe ndani, na mwaka 1935 mwuzaji mmoja, Tomekichi Endo, aliyetoka Aizu kaskazini, akaanza kutia pweza baada ya kusikia kwamba wenzao wa mji wa Akashi wanamtia. Duka lake, Aizuya, bado lipo. Matonge yake hayakuwa na sosi; ladha yote ilikuwa kwenye unga, na watu waliyala kwa mkono. Sosi nzito ya rangi ya udongo, unga wa mwani wa kijani juu yake, na zile nyama za samaki mkavu zilizoparuliwa nyembamba hata zikachezeshwa na mvuke, vyote vilikuja baadaye.

Kwa hiyo tuliomba bila sosi. Mume wangu hakufurahi, anapenda vitu vyenye mchuzi, lakini nilitaka kuonja unga. Na unga ule si maji na ngano. Umekorogwa kwa supu ya mwani na samaki jodari mdogo aliyefukizwa moshi akakaushwa mpaka akawa mgumu kama gogo, na humo ndimo mji wenyewe unamopatikana. Zama za watawala wa Tokugawa, Osaka ilikuwa ghala la Japani, ikaitwa jiko la nchi nzima. Mchele wa mabwana wa mikoa ulihifadhiwa hapa, na mwaka 1730 soko la mchele la Dojima likapata idhini ya serikali. Mashua zilizopita bahari ya magharibi zikaleta mwani mnene kutoka Hokkaido, kisiwa kilicho mbali huko kaskazini. Mwani huo hauoti Osaka, lakini Osaka ndiyo iliyojifunza kuuchemsha vizuri. Sisi tunaolima mwani Paje na Jambiani, kule Unguja, tukausafirisha karibu wote ukiwa mkavu, tungefaa kukaa na supu hii tukaifikiria.

Pweza naye mara nyingi ni msafiri. Sehemu kubwa ya pweza anayeliwa Japani hutoka Mauritania na Morocco, pwani ya Afrika upande wa pili wa bara letu. Kipande nilichotafuna kilikuwa laini lakini kilijitetea kidogo kwenye meno, kama anavyotakiwa pweza aliyepikwa na mtu mwenye subira. Ngozi ya tonge ilikuwa nyembamba na kavu. Ndani bado palikuwa rojorojo, moto wa kuunguza ulimi. Osaka wanalitaka hivyo hasa. Tonge lililoiva kavu hadi katikati ni rahisi kuligeuza, kila mtu angeliweza. Ugumu ni kuuzungusha mviringo ambao ndani yake bado ni uji, ukausimamisha kwa ngozi yake tu.

Jioni tukafika Dotonbori, kando ya mfereji ambao Yasui Doton alianza kuuchimba mwaka 1612. Watu walijaa darajani kupiga picha na tangazo la mkimbiaji aliyeinua mikono, ambalo lilisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka uleule wa 1935. Sisi tulipita vibanda. Katika kimoja mpishi alikuwa na ncha mbili, moja kila mkono, akigeuza mistari miwili kwa wakati mmoja. Katika kingine kijana aliachiwa pembe moja tu ya chuma, mkubwa wake akimimina na kupaka mafuta. Matonge ya kijana yalikuwa yameegemea upande, machache yamefunguka. Mkubwa hakumnyang'anya kifaa. Alinyoosha ncha yake, akasukuma tonge moja liingie vizuri, akaliacha jirani yake kama lilivyo ili kijana alimalize mwenyewe, na kijana akalimaliza. Malezi ya kazi ya mkono niyajuayo ni hayo, na nimeyakosa katika vyuo vingi vya mapishi vinavyompa mwanafunzi karatasi ya vipimo kabla ya kumpa moto.

Mume wangu alikumbusha kwamba ngome hatujaiona. Nilimweleza nilichokuwa nimekisikia: Akashi, lilikotoka wazo la pweza, wana tonge lao lenye mayai mengi, wanalichovya kwenye supu, na ni laini mno hata hawalisogezi kwa ncha ya chuma, wanaligeuza kwa vijiti vya kulia. Alifungua simu akatafuta treni. Kutoka Namba ni kama saa moja.

"Basi kesho asubuhi," akasema, "ngome iwe keshokutwa."