Fundi Anavyoisoma Simu

Fundi mzuri wa simu utamtambua kabla hajagusa bisibisi. Huigeuza simu mkononi, hupitisha ukucha ukingoni mwa kioo, hukagua kama kuna skrubu kando ya tundu la chaji, kisha huizima. Anayefungua simu ikiwa inawaka, mimi simpi yangu.

Simu nyingi za leo hufungwa kwa gundi, kwa hiyo kazi huanza na hewa ya moto. Hupasha kingo taratibu mpaka gundi ilegee, huvuta kioo kidogo kwa mpira wa kunyonya, na kwenye upenyo unaojitokeza huingiza kipande chembamba cha plastiki. Hapo mkono hutulia. Chini ya kioo kuna fleksi, utepe mwembamba wa nyaya unaokiunganisha na bodi. Ikikatika, mteja aliyeleta betri mbovu atadaiwa pesa ya kioo pia.

Ninachokipenda kuliko vyote ni nidhamu ya skrubu. Ndani ya iPhone moja skrubu hupishana urefu kwa sehemu tu ya milimita. Ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi, ncha yake huweza kukata njia za umeme za bodi, na simu iliyoingia dukani ikiwaka hutoka maiti. Ndiyo maana fundi makini huzipanga juu ya mkeka wa sumaku, kila moja upande uleule ilikotoka.

Akishafungua, ndipo anapotoa hukumu. Betri itachoka, kioo kitapasuka, tundu la chaji litalegea: je, aliyeibuni simu aliviweka mahali vinapofikika? Fairphone 5, ya kampuni ya Amsterdam, iliyotoka mwaka 2023, mfuniko wake hubanduka kwa ukucha na betri hutoka bila kifaa chochote. Sehemu nyingine kubwa hufunguliwa kwa bisibisi moja. iFixit, kampuni ya California inayofungua simu mpya na kuzipa alama, iliipa 10 kwa 10. Nami naona ilistahili.

Kwingine betri hulazwa juu ya gundi kavu. Fundi akiing'oa kwa chuma na kuitoboa, lithiamu huweza kuwaka moto mbele ya uso wake. Tatizo hili lina dawa: kwenye iPhone 16 ya mwaka 2024, Apple ilitumia gundi inayoachia ikipitishiwa umeme, hata wa betri ya volti 9.

Tangu tarehe 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unawalazimisha watengenezaji wa simu mpya kutoa vipuri muhimu kwa miaka 7 baada ya mauzo ya toleo husika kukoma. Huku kwetu, tunaowategemea ni mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa barabara ya Luthuli, Nairobi. Kabla hujanunua simu, mpitie mmoja wao umuulize betri ya simu hiyo inatokaje. Akisita kujibu, tafuta simu nyingine.