Eriali Iliyofichwa: Jinsi ya Kumpima Fundi wa Redio ya Pikipiki

Ukienda kuchukua pikipiki yako kwa fundi, na jambo la kwanza anakufungulia Radio Citizen kwa sauti ya juu, usitoe pesa bado. Citizen kwenye 106.7, Radio Jambo kwenye 97.5, Radio Maisha kwenye 102.7: hizi hapa Nairobi zinashikwa hata na msumari. Chomeka kipande cha waya cha urefu wa kiganja nyuma ya redio ukiwa pale Mutindwa na zitaimba vizuri tu. Stesheni yenye nguvu haikuambii lolote kuhusu kazi ya fundi. Inakuambia redio inawaka, basi.

Nimeendesha boda Eastlands kwa miaka, na siku hizi naendesha kwa ajili ya safari za wikendi, na katika miaka hiyo nimelipia eriali tano. Mbili tu ndizo zilizofanya kazi. Mengi ninayoandika hapa nimejifunza kwa hizo tatu zilizoharibika.

Kwanza, kwa nini kuificha? Aliyewahi kuegesha pikipiki Kayole anajua. Fimbo ikisimama nyuma, mtoto wa plotini ataivuta aone kama inarefuka. Kijana wa kuosha ataishika kama mpini. Abiria akipanda anainua mguu, kiatu kinaikunja. Kwenye foleni ya Outering unajipenyeza kati ya matatu mbili, kioo cha mojawapo kinaikata. Isitoshe, fimbo inatangazia mtaa mzima kwamba hapa pana redio. Kwa hiyo tunaificha, na kuificha chini ya plastiki ni kazi ya dakika kumi. Shida ni kwamba mafundi wengi wanalipwa kwa dakika hizo kumi.

Muulize fundi swali moja: umekata waya urefu gani? Akijibu kwamba ametumia ule uliokuja na redio, umeshamjua. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na eriali ya kawaida inataka robo yake, yaani sentimita 75. Ukitaka hesabu ya stesheni yako, gawa 7500 kwa masafa yake. Ghetto Radio iliyo 89.5 inataka kama sentimita 84, Citizen kama 70. Hakuna anayekata waya kwa stesheni moja, kwa hiyo 75 ni mapatano mazuri. Fundi hodari zaidi huanza na waya mrefu kidogo, anaulaza mahali pake chini ya plastiki, kisha anaupunguza kwa mkasi sentimita moja moja huku sikio liko kwenye redio, kwa sababu waya uliolala karibu na plastiki na chuma hujifanya mrefu kuliko ulivyo. Ukimkuta fundi akifanya hivyo, kaa kwenye benchi usubiri. Usimharakishe.

Halafu tazama unalala wapi. Plastiki hupitisha mawimbi, chuma huyazuia. Kwenye pikipiki ya Boxer, tangi ni chuma, fremu ni chuma, lakini vifuniko vya ubavuni, mkia na kava ya taa ya mbele ni plastiki. Mahali ninapopapenda mimi ni mkiani: waya unapanda kutoka chini ya kiti, unafuata ukingo wa plastiki kwa ndani, ukiwa mbali na fremu angalau upana wa vidole vinne. Ukigusana na fremu kwa urefu wote, hata kama una ngozi yake ya plastiki, umeuzika. Na usikubali waya uliokunjwa ukarudi juu yake wenyewe kama kamba ya viatu ili utoshe. Kinachoshikwa na nusu ya kwanza kinafutwa na nusu ya pili. Upinde mpana unaruhusiwa, na sehemu yoyote inayoweza kusimama wima iachwe isimame.

Wenzetu wanaobeba vyakula wana bahati ya sanduku. Sanduku la plastiki au la faiba ni nyumba bora ya eriali kuliko mkia wowote, kwa sababu liko juu na halina chuma. Lakini fungua kifuniko kwanza. Masanduku na mifuko mingi ya chakula imebandikwa karatasi ya aluminiamu kwa ndani ili ugali usipoe, na karatasi ile ni ukuta. Nimeona waya mzuri kabisa, umekatwa sawasawa, umelazwa ndani ya ile karatasi ya kung'aa, na mwenye pikipiki analalamika kwamba redio yake ni mbovu. Waya ulitakiwa upite nje ya aluminiamu, kati yake na ganda la sanduku. Kwenye bawaba ya kifuniko pia pana hatari yake: waya lazima uwe na kitanzi cha kupumua, la sivyo kufungua na kufunga mara hamsini kwa siku kutaukata mwezi haujaisha.

Sasa tuje kwenye kinachotenganisha mafundi, nacho ni athi. Eriali ya robo ni nusu ya kifaa. Nusu ya pili ni chuma cha pikipiki yenyewe, na waya wa eriali unaotoka kwenye redio una sehemu mbili: uzi wa katikati unaokwenda kwenye eriali, na wavu wa shaba unaouzunguka ambao lazima ushikwe na fremu pale pale eriali inapoanzia. Mafundi wengi huukata huo wavu na kuuacha ukielea, au huukaza kwenye boliti iliyopakwa rangi. Rangi haipitishi stima.

Kariobangi Light Industries kuna mzee mmoja ambaye nilikaa naye asubuhi nzima. Alitafuta boliti ya fremu chini ya kiti, akaifungua, akachukua kipande cha msumeno wa chuma kilichofungwa kitambaa upande mmoja, akaanza kukwangua. Hakukwangua kama anayesafisha. Alikwangua duara dogo, sawa na sarafu ya shilingi kumi, mpaka chuma kikawa cheupe kote, bila doa la rangi wala kutu. Akapuliza. Akaweka washa yenye meno, juu yake pete ya shaba aliyokuwa ameiunga na wavu kwa risasi, akakaza, kisha akafunika kote kwa grisi. Nikamuuliza grisi ya nini. "Mkubwa, hii ni ya mvua ya Aprili," akasema, na ilikuwa Januari.

Kazi hiyo unaweza kuipima wewe mwenyewe hata kama hukuiona ikifanywa. Mita ya stima inatosha. Chomoa waya wa eriali kwenye redio. Kati ya wavu na hasi ya betri, mita isome karibu na sifuri. Kati ya uzi wa katikati na wavu, isisome kitu. Ikisoma, mahali fulani uzi na wavu vinagusana na unabeba waya wa bure. Fundi anayejiamini atakukabidhi mita yake mwenyewe.

Aina ya waya nayo husema. Ukienda Luthuli kununua, omba waya wa eriali ya gari, ule mwembamba unaokunjika. Ule mweupe mnene wa televisheni una uzi mmoja mgumu katikati. Ukutani unaishi miaka mingi, lakini kwenye shingo ya usukani inayogeuka kutwa unavunjika ndani kwa ndani na nje huoni kitu. Na vile vijisanduku vya kubandika vyenye kikuza sauti cha eriali, mimi sivipendi. Kikuza kinakuza kila kitu, mikwaruzo ikiwemo. Kama tayari unacho, kikatie stima wakati redio inaimba. Ikiwa hakuna kilichobadilika, umelipia taa nyekundu ndogo.

Mikwaruzo ndiyo mtihani mkubwa, na hapa fundi wa gari hushindwa na fundi wa pikipiki, kwa sababu kwenye pikipiki kila kitu kiko jirani. Fanya hivi. Injini ikiwa imezimwa, tafuta stesheni dhaifu unayoisikia kwa shida kidogo. Washa injini. Ukisikia tak-tak-tak inayokimbia unapovuta mafuta, hiyo ni plagi inarusha cheche na eriali inazisikia. Dawa yake ni kofia ya plagi yenye kizuizi ndani, au plagi yenyewe yenye kizuizi: kwa NGK tafuta herufi R kwenye namba yake. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka na injini, unatoka kwenye chaji na unapita kwenye waya wa stima, si kwenye eriali. Redio ipewe waya wake kutoka kwenye betri, na fiuzi yake. Kisha chomeka chaja ya simu. Chaja za bei ya chini huwa ni stesheni zenyewe: zinajaza nusu ya masafa kwa sauti ya mvua. Taa za LED za kuongeza pia zina tabia hiyo. Fundi mzuri atakuwa amepitisha waya wa eriali upande ambao koili ya plagi na nyaya zake hazipo, na pale ambapo nyaya lazima zikutane, amezivusha kama barabara mbili zinavyokatana, si kuzilaza pamoja. Inua kiti uangalie. Tai za plastiki ziwe zimebana kila baada ya kiganja, na matundu yaliyotobolewa yawe na mpira.

Inua kiti kwa sababu nyingine pia. Mwaka mmoja tulikuwa tunakwenda Naivasha kwa njia ya chini, na tulipokaribia Mai Mahiu redio yangu ikanyamaza. Nikasema ni mlima umetuziba. Lakini mwenzangu aliyekuwa kando yangu kwa pikipiki kama yangu alikuwa bado anacheka na watangazaji. Tuliposimama kula, nikafungua kiti. Fundi alikuwa amepitisha waya juu ya fremu mahali hasa ambapo bati la kiti hukalia, na kilo zangu na za mizigo zilikuwa zimeusaga ukawa bapa kama tambi. Tangu siku hiyo namwambia fundi akae juu ya kiti yeye na msaidizi wake, wote wawili, redio ikiwa inaimba.

Baada ya karakana, barabara. Njia yangu ya majaribio ni moja. Natoka Light Industries nashika Outering, napita chini ya daraja pale Donholm, kisha naingia Pipeline, ndani kabisa, kwenye zile njia ambazo magorofa yamekaribiana mpaka nguo za upande huu zinadondokea upande ule. Stesheni kubwa ikipepesuka kidogo mle ndani, sina neno. Ikikatika kila unapopita jengo, eriali haina urefu au haina athi.

Lakini jaribio ninaloliamini kuliko yote liko 99.9. Hapo ndipo ilipo Koch FM ya Korogocho, stesheni ya jamii iliyoanzishwa 2006 na vijana wa mtaa waliorushia matangazo kwenye kontena, na yenye mtambo wa nguvu ndogo. Masafa hayo hayo yamepewa Pamoja FM ya Kibera. Anzia Kariobangi ukiwa umeishika Koch, teremka polepole kuelekea Jogoo Road, usiguse kitufe. Redio ya FM ikipata stesheni mbili kwenye masafa mamoja hushikamana na yenye nguvu zaidi na kuitupa nyingine, kwa hiyo mahali fulani njiani Koch itaanza kuyumba. Tia alama ilipoyumba: duka, stegi, jengo la kanisa. Ndiyo kipimo chako. Fundi akibadilisha kitu, rudia njia ile ile saa ile ile, uone alama imesogea upande gani. Eriali yangu ya kwanza haikutoka Kariobangi. Ile ya mzee wa sarafu ya shilingi kumi ilinifikisha mbali kiasi kwamba niligeuza pikipiki nikarudi kuhakikisha.

Mvua ya kwanza kubwa ikishapita, fungua kiti tena. Maji huingia kwenye ncha ya waya isiyozibwa na kunyonywa ndani na wavu kama utambi wa koroboi, na redio hufifia taratibu, usitambue. Vuta ngozi ya waya nyuma kidogo pale mwisho. Shaba ikiwa nyekundu, rudisha kiti. Ikiwa ya kijani, kata sentimita kadhaa mpaka ufike kwenye nyekundu, na urudi kwa fundi na hicho kipande mkononi.