Kirusi cha Newala kilivyonaswa

Homa iliyozuka mwaka 1952 huko Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, Jimbo la Kusini la Tanganyika, ilifanana mno na dengue: joto la ghafla, vipele, na maumivu ya viungo yanayomfanya mtu ashindwe kusimama wima. Marion Robinson alieleza dalili zake na W.H.R. Lumsden akafuatilia ilivyosambaa. Kirusi chenyewe kilinaswa na R.W. Ross, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda. Ripoti yake ya 1956 inastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa maabara nchini.

Kirusi hakioti kwenye sahani ya maabara kama bakteria. Kinataka seli hai. Ross alitumia seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, kutoka kwa watu waliokuwa bado na homa. Wakati una uzito hapa, kwa sababu baada ya siku chache mwili hukifuta kirusi kwenye damu. Seramu hiyo ilidungwa kwenye ubongo wa panya wachanga, ambao kinga yao haijakomaa. Panya waliougua, ubongo wao ulisagwa na kudungwa kwa wengine.

Hata hivyo, panya kuugua si ushahidi; huenda ana maradhi yake mwenyewe. Ubora wa kazi ya Ross, kwa maoni yangu, uko hapa: kirusi hichohicho alikipata ndani ya mbu Aedes aegypti waliokamatwa Newala, kisha akaonyesha kuwa seramu za watu waliopona zina kingamwili za kukizima. Mgonjwa, mbu na aliyepona wakatoa jibu moja. Ndicho kirusi cha chikungunya.

Lumsden naye aliona jambo linalotuhusu sisi wa Kurasini, Dar es Salaam. Uwanda ule ulikuwa na uhaba wa maji. Watu waliyateka mbali wakayahifadhi nyumbani, na humo ndimo mbu walimozaliana. Sisi tuna mapipa, ndoo, na matairi chakavu kwenye yadi za malori. Aedes huyohuyo ndiye aliyeeneza dengue jijini mwetu mwaka 2014 na 2019. Hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi. Ndugu zangu, sugueni kuta za mapipa kila wiki, yafunikeni vizuri, na wenye yadi waondoe matairi kabla ya masika.